Nani Mwenye Neno? Wazalendo, Wakomunisti na Lugha ya Mapambano Mashariki mwa Kongo

1.0 Utangulizi

Mtu akifungua historia ya vita vya ukombozi hachelewi kukutana na makundi mawili yaliyompiga adui mmoja huku yakipigana yenyewe kwa yenyewe. Huko Yugoslavia, tangu mwishoni mwa 1941, Wachetnik waliopigania mfalme walikabiliana na Wapartisani wa Tito katika nchi ambayo ilikuwa bado chini ya Wajerumani na Waitalia. Huko Ugiriki, EDES ya wazalendo na ELAS iliyoongozwa na wakomunisti zilianza kushambuliana Oktoba 1943, mwaka mzima kabla Wajerumani hawajaondoka Athens. Kongo nayo ina habari yake ya namna hii, na habari hiyo inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Wachunguzi wamezoea kueleza mashindano hayo kwa sababu tatu: tofauti za itikadi, misaada ya dola kubwa, na tamaa ya viongozi. Makala haya hayazikani sababu hizo. Yanakusudia kuongeza ya nne, nayo ni lugha. Tunadai kwamba mashariki mwa Kongo waliokuja na nadharia ya mapinduzi hawakuwa na Kiswahili cha kuisemea, na waliokuwa na maneno ya Kiswahili yaliyowatia watu moyo hawakuwa na nadharia ya kuyaongoza. Matokeo yake ni kwamba maneno yalishinda. Lakini neno lisilo na nadharia humtumikia yeyote atakayelishika.

Tutaitazama hoja hii tukiwa tumesimama Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni, katika barabara iendayo Oicha na Eringeti, penye uwanja wa ndege unaohudumia Beni. Tumepachagua kwa kuwa lugha za vita hukutana hapo: Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha soko na barabara, Lingala ya jeshi la taifa, Kifaransa cha shule na ofisi. Atakayetaka kujua neno la mapambano limepita mikononi mwa nani hana budi kusikiliza mahali kama hapo.

2.0 Mai Mulele: jina la magharibi, neno la mashariki

Baraza la Taifa la Ukombozi, CNL, liliundwa Brazzaville Oktoba 1963 na wafuasi wa Patrice Lumumba waliofukuzwa kwenye siasa za Léopoldville. Lilikuwa baraza la wazalendo: walidai kwamba uhuru wa 1960 ulikuwa wa bendera tu, na kwamba nchi ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji na Wamarekani. Baraza hilo halikutimiza mwaka kabla ya kupasuka mapande mawili, moja la Christophe Gbenye na moja la Bocheley-Davidson. Gaston Soumialot na Laurent Kabila walikwisha kutumwa upande wa Burundi kuandaa vita vya mashariki. Uvira ilianguka Mei 1964. Kisangani, iliyoitwa Stanleyville wakati huo, tarehe 5 Agosti. Bunia na Mambasa, majirani wa Beni, nazo zikawa chini ya wapiganaji waliojiita Simba.

Huko Kwilu, magharibi ya mbali, kulikuwa na vita vingine. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, alirudi kutoka China na mafunzo ya Mao, akaingia porini na kuanzisha uasi wake Januari 1964. Hakupewa silaha za maana kutoka nje. Aliishi na wapiganaji wake, akawafundisha siasa mwenyewe, akawawekea kanuni za mwenendo zilizofanana na zile za jeshi la Mao. Kama tunatafuta mkomunisti wa vitendo katika Kongo ya miaka hiyo, huyu ndiye. Vuguvugu lake lilidumu hadi alipotoka porini na kurudi Kinshasa mwaka 1968 kwa ahadi ya msamaha, akauawa Oktoba mwaka huohuo.

Hapa ndipo linapotokea jambo la kumstaajabisha mhakiki. Simba wa mashariki hawakuongozwa na Mulele, na mabwana zao wa CNL walishindana naye kuhusu nani arithi kiti cha Lumumba. Hata hivyo, walipoingia vitani walipiga ukelele wa kumtaja yeye: Mai Mulele. Tuupasue ukelele huo. Mulele ni jina la mtu wa magharibi mwenye nadharia ya Kichina. Mai ni maji, kwa matamshi ya Kiswahili cha Kongo, umbo ambalo Lingala inalo pia, na kwa hiyo linavuka mpaka wa lugha bila mkalimani. Maji hayo ni dawa ya mganga inayogeuza risasi. Hivyo jina la mkomunisti lilitiwa ndani ya neno la mganga likawa kinga. Nadharia yake haikufika. Kilichofika ni sauti ya jina lake.

Hatusemi haya kwa dharau. Ukelele ule ulifanya kazi ambayo hotuba za Gbenye hazikuweza kuifanya: uliwaunganisha vijana wa makabila mengi chini ya maneno mawili. Lakini tuone pia kilichopotea. Kanuni za Mulele zilikuwa na maelekezo kuhusu namna ya kumtendea mkulima, mateka na mali ya watu. Ukelele haukubeba hata moja ya hizo. Yaliyotendwa Kisangani baina ya Agosti na Novemba 1964, watu walipouawa mbele ya hadhara kwa jina la Lumumba, yalitendwa na jeshi lililotamka jina la Mulele bila kujua alifundisha nini.

Kwa upande mwingine, Mulele mwenyewe alifungwa na lugha kwa namna iliyo kinyume. Mafundisho yaliyoeleweka vyema nyumbani kwake yalibaki hasa miongoni mwa Wambunda na Wapende. Alikuwa na nadharia iliyofasiriwa, ila haikuwa na njia ya kusafiria. Mashariki ilikuwa na njia, yaani Kiswahili, ila haikuwa na cha kusafirisha isipokuwa dawa.

3.0 Tatu na somo la Kiswahili

Kitabu kinachotufaa zaidi katika uchunguzi huu hakikuandikwa kwa Kiswahili. Ni masimulizi ya Ernesto Che Guevara juu ya vita vya Kongo, aliyoyaandika Dar es Salaam baada ya kushindwa kwake, na ambayo yalichapishwa rasmi kwa ukamilifu wake mwaka 1999. Che alivuka Ziwa Tanganyika akafika Kibamba Aprili 1965, akaondoka Novemba mwaka huohuo. Wengi wamekisoma kitabu hicho kama ripoti ya kijeshi. Sisi tunapendekeza kisomwe pia kama kitabu cha isimu-jamii kilichoandikwa na mtu asiyekusudia kukiandika.

Tuanze na majina. Wakuba waliofika kwanza walipewa majina ya tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu, ili asijulikane kuwa ndiye mkubwa. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika kikosi hiki kama orodha ya hesabu. Kilifaa kumficha mtu. Hakikutumika kufafanua ubeberu ni nini wala mkulima wa Fizi angepata faida gani ubeberu ukiondoka. Che alipewa mwalimu wa Kiswahili, naye anakiri mwishoni mwa kitabu, katika hesabu kali anayojifanyia mwenyewe, kwamba hakukijua vya kutosha, na kwamba Kifaransa chake kilimfikisha kwa viongozi na kumtenga na askari wa kawaida. Ungamo hilo ni fupi, nasi tunaliona kuwa zito kuliko kurasa zote alizoandika kuhusu silaha.

Liko jambo la pili. Che anasimulia jinsi wapiganaji walivyokataa kubeba mizigo kwa kusema kwamba wao si magari, na baadaye kwamba wao si Wakuba. Anayaandika majibu hayo kwa umbo la Kiswahili cha Kongo, ambacho hukanusha kwa neno hapana mahali ambapo Kiswahili sanifu kingetumia si. Yeye anayasoma kama uvivu na ukosefu wa nidhamu. Msomaji wa Kiswahili anasikia zaidi ya hapo. Askari anayesema yeye si gari anakataa kufanywa chombo. Na anaposema yeye si Mkuba, anaweka mpaka baina ya wenye vita na wageni wa vita. Hiyo ni kauli ya kisiasa, pengine ya kwanza iliyosemwa na askari wa kawaida mbele ya mwanamapinduzi huyo, naye akaitafsiri kama kasoro ya tabia. Hatudai kwamba kila aliyekataa mzigo alikuwa mwanafalsafa. Tunadai kwamba mwalimu wa mapinduzi asiyeweza kutofautisha uvivu na hoja katika lugha ya wanafunzi wake hawezi kuwafundisha.

La tatu ni dawa. Che anaieleza kwa uangalifu: mganga humwagia askari maji yenye majani, naye hukatazwa kugusa kitu kisicho chake, kugusa mwanamke, na kuogopa. Anayekufa amevunja mwiko. Che anaona hatari, kwamba imani hiyo ingeweza kuwageukia Wakuba wasioiamini. Hata hivyo anapita haraka juu ya mwiko wa kwanza. Kutogusa mali ya watu ni kanuni ileile ambayo Mao aliwafundisha askari wake na Mulele akaifundisha Kwilu. Hapo palikuwa na daraja baina ya nadharia na neno. Mwiko wa mganga na kanuni ya mapinduzi vingeweza kuelezwa kwa sentensi moja ya Kiswahili. Hakuna aliyeitunga sentensi hiyo.

Wakati huohuo viongozi wa juu waliendelea kugombana mbali na ziwa. Soumialot, akiwa Cairo mwaka 1965, alitangaza kumwondoa Gbenye; Kabila alionekana mara chache kwenye uwanja wa mapambano. Ugomvi huo wa wakubwa uliendeshwa kwa Kifaransa. Askari aliusikia kama uvumi tu, na ushujaa wake ukabaki kwenye dawa.

4.0 Kinjeketile kama kipimo

Mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, inahusu maji yaleyale katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hussein hakuridhika kuonyesha kwamba maji hayazuii risasi, kwani kila mtazamaji anajua hilo kabla pazia halijafunguliwa. Swali lake ni gumu zaidi: afanye nini mtu aliyetoa neno lililowaunganisha watu, halafu akaona kwamba neno hilo limemponyoka na kuwapeleka kwenye bunduki kabla hawajawa tayari? Kinjeketile wa Hussein anakataa kulikana neno hata chini ya mateso, kwa kuwa Wajerumani wangelitumia kano lake kuwaambia wana wa wana kwamba babu zao walipigania uongo.

Wahakiki wengi wameusifu mwisho huo, nasi hatuupingi. Tukiuleta Kongo, hata hivyo, unaonyesha upungufu fulani. Katika tamthilia neno lina mwenyewe, mtu mwenye jina, anayeweza kushika dhamana ya neno lake. Mashariki mwa Kongo neno Mai halikuwa na Kinjeketile. Mulele hakulitoa, Gbenye hakulitoa, Che hakuliamini. Kwa hiyo halikuwa na mtu wa kuulizwa, wala wa kukataa kulikana. Neno yatima hupata walezi wengi, na kila mlezi hulivisha nguo yake.

5.0 Beni na Butembo chini ya ukaliaji, 1998–2003

Mabaki ya 1964 hayakwisha. Katika miaka ya 1980 Chama cha Ukombozi wa Kongo, PLC, kilichojihesabu mrithi wa mapinduzi yale, kilikuwa na maficho katika milima ya Ruwenzori, mashariki mwa Beni. Baadaye yakajitokeza makundi ya Bangilima, na hatimaye Mai-Mai. Mfuatano wa majina wenyewe unasema mengi. Chama, ukombozi na herufi za Kifaransa vilififia, maji yakabaki.

Agosti 1998 vita vipya vilianza, na jeshi la Uganda likaingia Beni na Butembo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu yake ya tarehe 19 Desemba 2005, iliamua kwamba Uganda ilikuwa dola lililokalia Ituri, wilaya jirani. Kwa wakazi wa barabara ya Mavivi neno ukaliaji halikuhitaji kusubiri hukumu.

Katika miaka hiyo mashindano ya zamani yalirudi kwa sura nyingine. Kiongozi wa kwanza wa RCD, Ernest Wamba dia Wamba, alikuwa mwanahistoria wa mrengo wa kushoto aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu aliyeandika kwa kina juu ya siasa ya ukombozi na demokrasia ya baraza la kijiji. Alipotengana na wenzake wa Goma mwaka 1999 aliongoza tawi lililokwenda Kisangani, kisha Bunia, chini ya ulinzi wa Uganda. Msamiati wa siasa yake ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na ulinzi wake ulikuwa wa mvamizi. Mbusa Nyamwisi, mwenyeji wa Beni, alimshinda nguvu katika tawi hilohilo. Porini yalikuwako makundi ya Mai-Mai, miongoni mwao Vurondo na Mudohu, yaliyodai kumpinga mgeni kwa jina la ardhi ya mababu na ambayo hayakukosa kushindana yenyewe. Tarehe 17 Desemba 2002 huko Pretoria RCD-K/ML na Mai-Mai walitia sahihi mkataba mmoja, kila mmoja kwa jina la Wakongo.

Hapa hoja yetu inakabiliwa na kipingamizi ambacho ni haki tukijibu. Kama Kiswahili kilikuwa silaha ya mzalendo, tuseme nini juu ya ukweli kwamba jeshi la Uganda nalo huamriana kwa Kiswahili? Katika kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki na mwenye baiskeli ya ndizi walielewana vizuri sana. Miaka iliyofuata askari wa Tanzania katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walikaa Mavivi, nao walizungumza Kiswahili ambacho wenyeji walikielewa bila shida. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya aliyekaliwa, ya aliyekalia, na ya aliyekuja kulinda. Hakiwezi chenyewe kuwa dalili ya upande wa haki.

Tunakubali kipingamizi hicho, na tunaona kwamba kinaikaza hoja yetu. Lugha ya pamoja haimwambii mtu nani rafiki. Inampa tu nafasi ya kuuliza. Swali linalobaki ni kama kuna aliyeuliza, kwa Kiswahili, ukombozi ni wa nani na kutoka kwa nani.

6.0 Kutoka Sukola hadi Wazalendo

Majina ya vita vya hivi karibuni yanatupa ushahidi zaidi. Jeshi la Kongo lilipoanzisha operesheni dhidi ya ADF mwaka 2014 liliiita Sukola, neno la Lingala lenye maana ya kusafisha. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yaliyoanza Oktoba mwaka huo hayakukoma. Novemba 2021 jeshi la Uganda lilirudi, safari hii kwa mwaliko wa Kinshasa, na operesheni ya pamoja ikaitwa Shujaa. Jeshi ambalo wazee wa Beni wanalikumbuka kama la mvamizi limerudi likiwa limevaa neno la Kiswahili lenye sifa kuliko yote. Hatuamui hapa kama operesheni hiyo ina manufaa au haina. Tunasema tu kwamba jina hilo linatoa jibu kabla swali halijaulizwa.

Neno zito zaidi ni Wazalendo. Tangu M23 iliporudi vitani mwishoni mwa 2021, makundi mengi ya Kivu yaliyokuwa maadui wa jana yamekusanywa chini ya jina hilo, na mwaka 2023 sheria ya jeshi la akiba ikawapa baadhi yao mlango wa kuingilia katika ulinzi wa taifa. Mzalendo katika Kiswahili ni mzaliwa wa nchi na pia mpenda nchi. Fasihi yetu imewahi kulipanua neno hilo: tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya Dedan Kimathi, iliyoandikwa kwa mtazamo wa tabaka la wafanyakazi na wakulima, ilipofasiriwa kwa Kiswahili iliitwa Mzalendo Kimathi. Huko mzalendo ni mtu anayeshtakiwa na kujieleza: anasema anampigania nani, na hampiganii nani. Huku Kivu mzalendo limekuwa jina la kikosi. Anayeuliza Wazalendo wanafanya nini na mavuno ya mkulima anaweza kuambiwa kwamba yeye si mzalendo. Maana mbili za neno zimeungana ili kuziba mdomo: asiyekubali hapendi nchi, na asiyependa nchi pengine hakuzaliwa humo. Hatua ya pili ndiyo ya hatari, hasa kwa Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda.

Hii ndiyo hasara ya mashindano ambayo hayakumalizwa kwa hoja. Upande wenye nadharia ungekuwa umelazimika kuitetea kwa Kiswahili, upande wenye maneno nao ungelazimika kuyafafanua. Kila upande ulisalimika na mwenzake, na mkulima akaachiwa neno lisilo na masharti.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mashindano ya wazalendo na wakomunisti katika Kongo yalikuwa pia mashindano juu ya nani atasema nini kwa lugha gani, na kwamba pengo lililoachwa lingali wazi. Mwaka uleule Che alipokuwa Fizi, huko Lubumbashi André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Kongo historia ya mji wake kama watumishi wa nyumbani walivyoijua, maandishi ambayo Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990. Kazi hiyo inathibitisha kwamba Kiswahili ambacho wengine walikibeza kwa jina la Kingwana kina uwezo wa kuhoji, kukumbuka na kuhukumu.

Kaskazini mwa Kivu bado haijapata Yav wake. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1964 amepita sasa miaka themanini. Vyuo vya Beni na Butembo, kikiwamo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, vina wanafunzi wanaozungumza na wazee hao kila siku kwa Kinande na Kiswahili, halafu huandika tasnifu zao kwa Kifaransa. Tunapendekeza ushuhuda uchukuliwe na uchapishwe katika Kiswahili kilekile kilichosemwa, pamoja na hapana zake na mai zake, bila kusanifishwa hadi upoteze mnuso wake. Yaulizwe maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 1965: nani alikufundisha neno hili, lilikukataza nini, na ulipolivunja nani alikuuliza. Majibu hayo ndiyo yatakayomwezesha kijana wa Mavivi anayeitwa leo kuwa mzalendo kujua anaitwa na nani.